Ukitaka kumsikiliza KMRU, anzia hapa

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala lugha mpya ya programu. Leo ni muziki. Wale mliokuja kutafuta msaada wa Python mtanisamehe, wiki ijayo tutarudi kazini.

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, ofisini, kwenye matatu na hata harusini, kwa hiyo naona heri nilijibu mara moja na kulimaliza: huyu KMRU unayemsifu kila siku, mtu aanze na albamu gani? Jibu fupi: anza na Logue. Usianze na Peel, hata kama kila unayemuuliza anakuambia Peel. Jibu refu ndilo hili linalofuata.

Kwanza, ni nani huyu?

KMRU ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1997. Ukitazama vizuri utaona jina la kazi ni Kamaru ileile, ila ameziondoa herufi a zote mbili. Jina kamili tayari lilikuwa na mwenyewe mwingine mkubwa, yaani babu yake, Joseph Kamaru (1939–2018), yule mwimbaji wa Kikuyu aliyewatia wanasiasa tumbo joto kwa miaka mingi. J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru mzee aliimba juu ya kifo chake wakati ambapo watu wengi walikuwa wanaogopa hata kulitaja jina hilo kwa sauti. Wazazi wetu wanazijua nyimbo hizo. Waulize.

Mjukuu haimbi. Hapigi gitaa la benga wala ngoma. Kazi yake ni kutembea na kinasa sauti, kurekodi yaliyoko (mvua, ndege, watu, mashine, nyaya), kisha kuyapeleka kwenye kompyuta na kuyanyoosha, kuyatandaza, kuyachanganya na sauti za sinthesaiza mpaka yanakuwa kitu kimoja kikubwa kinachosogea polepole sana. Wenye kupenda majina huuita muziki huu ambienti. Mwaka 2020 alihamia Berlin kusomea sanaa za sauti katika Universität der Künste, na mwaka huohuo peke yake ukatoa albamu tatu: Peel, Opaquer na Jar. Tangu hapo hajapumzika. Ndiyo maana swali la pa kuanzia ni swali la haki. Ukiufungua ukurasa wake wa Bandcamp unakutana na ukuta wa picha ndogondogo, na hakuna hata moja inayokuambia "ingia kwa mlango huu".

Je, pa kuanzia panajalisha kweli?

Kwa muziki mwingi, hapana. Ukitaka kumjua mwanamuziki wa nyimbo za dakika tatu, bonyeza wimbo wowote. Usipokupendeza, umepoteza dakika tatu, unabonyeza mwingine. Muziki wa polepole hauko hivyo. Unakuomba saa nzima kabla haujakulipa chochote, na sikio ambalo halijazoea litasema baada ya dakika mbili: hii ni kelele ya friji. Msikilizaji wa namna hiyo umeshampoteza. Nina rafiki, mhandisi mzuri wa mitandao, aliyepewa Peel bila maelezo yoyote. Mpaka leo akiisikia jokofu ya ofisini ikinguruma hunigeukia na kusema, "Jamaa wako ametoa albamu mpya."

Mfano wa mbali kidogo. Kuna bendi ya Marekani iliyoitwa Low, kutoka mji wa Duluth, Minnesota. Ilianza mwaka 1993, na ilimalizika mwaka 2022 alipofariki Mimi Parker, mpiga ngoma na mwimbaji wao. Walicheza roki ya polepole mno, ngoma chache, sauti mbili za mume na mke. Albamu yao ya kwanza, I Could Live in Hope (1994), ni tulivu na wazi, unasikia kila chombo kiko wapi. Double Negative (2018) ni kitu kingine: sauti zimekunjwa, zimepasuliwa, kama spika iliyomwagiwa maji. Aliyeanza na ile ya 1994 akifika kwenye ya 2018 anasikia bendi anayoijua ikizama, na moyo unamuuma. Aliyeanza na ya 2018 anadhani simu yake imeharibika. Muziki haukubadilika kati ya wasikilizaji hawa wawili. Kilichobadilika ni mpangilio.

Sisi watu wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Hakuna anayemfundisha mtu Linux kwa kumfungulia msimbo wa kiini chake siku ya kwanza. Unampa terminali, anaandika amri ya kuorodhesha mafaili, anaona majina yanatokea, anatabasamu. Kesho atarudi.

Na kwa KMRU kuna sababu nyingine, ambayo kwangu mimi ni kubwa zaidi. Malighafi ya muziki wake ni sisi.

Mimi naishi Kileleshwa. Mliokuja Kileleshwa zamani mnaikumbuka kama mtaa wa nyumba za bustani na miti mikubwa. Siku hizi ni gorofa juu ya gorofa, na pasipo na gorofa kuna mjengo. Saa kumi na mbili asubuhi kwarara wanapita juu ya paa wakipiga mayowe kama watu waliodhulumiwa. Saa mbili kichanganya zege kinaanza. Stima ikipotea, jenereta za ploti tatu zinaamka karibu pamoja, kila moja na mngurumo wake, na ukisikiliza kwa makini utagundua hazikubaliani. Matatu ya 48 inapita. Askari wa geti ana redio ndogo. Sisi wote tunaofanyia kazi nyumbani tumenunua hedifoni za gharama ili tusisikie lolote kati ya hayo.

Sasa anatokea kijana wa jiji hilihili anayesema, subiri, sikiliza kwanza. Anazichukua sauti ambazo sisi tunalipa pesa kuzifuta, anatengeneza kazi ambayo watu wa Berlin na London wanalipa kiingilio kuisikia. Huku kwetu, ukitaja jina lake, wengi wanadhani unamzungumzia babu. Ikiwa atasikilizwa vibaya ugenini si kitu, wana wengine wa kusikiliza. Ikiwa atasikilizwa vibaya nyumbani, mara moja tu, kwenye spika ya simu, katikati ya kipande, basi tumempoteza mtu aliyekuwa anatuonyesha masikio yetu wenyewe. Kwa hiyo ndiyo, mpangilio unajalisha.

Haya basi. Orodha yangu.

1. Logue (2021)

Ilitolewa na Injazero Records, lakini vipande vyake ni vya zamani kidogo. KMRU alikuwa amevitoa mwenyewe kwa nyakati tofauti kati ya 2017 na 2019, kabla hajaondoka Nairobi. Wengine huidharau kwa sababu hiyo, wanaiona kama kikapu cha masazo. Mimi naona hiyo ndiyo nguvu yake. Hapa unamsikia mtu akijifunza, na wewe unajifunza naye. Vipande ni vifupi kuliko vya Peel, kila kimoja kina wazo lake na mwisho wake. Melodi zipo, unaweza kuzishika. Sauti za mazingira hazijafichwa mbali, unazitambua na kusema, "Aa, hiyo naijua."

Anza na kipande kiitwacho Jinja Encounters. Jina lenyewe linakupeleka Jinja, Uganda, pale Nile inapotokea ziwani. Ukikisikiliza, jiulize swali moja tu: mahali panaishia wapi na muziki unaanzia wapi? Ukishindwa kuuona mpaka, umeshaelewa nusu ya kazi yake yote. Kuna kingine kinaitwa A Meditation of Listening, na hicho ni kama mwongozo wa mtumiaji. Sikiliza Logue siku mbili tatu, ukiwa unafanya kazi au unaosha vyombo. Haitakukasirikia.

2. Peel (2020)

Hii ndiyo iliyomtangaza. Ilitoka Editions Mego, lebo ya Vienna iliyoendeshwa na Peter Rehberg mpaka alipofariki mwaka 2021, na ambayo kwa watu wa muziki wa kompyuta ilikuwa kama chuo kikuu. Vipande sita, zaidi ya saa moja. Cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika 20 peke yake.

Ni kazi bora? Kwangu, ndiyo, ni bora kuliko Logue. Lakini kinachofanyika ndani yake ni kidogo sana kwa dakika, na ndiyo maana nakuambia isiwe ya kwanza. Hapa sauti za mazingira zimezamishwa chini ya ukungu. Huzitambui tena, unazihisi tu. Kama umepitia Logue, sikio lako litajua kuna kitu chini na litakitafuta. Kama hujapitia, utabaki na ukungu. Isikilize usiku, taa zimezimwa, mwanzo mpaka mwisho, na simu iwe chumba kingine.

3. Dissolution Grip (2023)

Hii ni ya wenzangu wa kompyuta. Ndiyo ya kwanza kutoka kwenye lebo yake mwenyewe, OFNOT. Alichofanya ni hiki: alizichukua rekodi zake za mazingira, lakini badala ya kuzitumia, alilitazama umbo la mawimbi yake, ile michoro ya kupanda na kushuka unayoiona ukifungua faili la sauti kwenye Audacity, akaigeuza kuwa maelekezo ya kupigia sinthesaiza. Yaani rekodi imekuwa nota. Sauti ya awali haipo tena, limebaki umbo lake.

Fikiria hilo kidogo. Sisi tumezoea kusema kwamba data ni data, ukiwa na namba unaweza kuzichora, kuzipigia hesabu au kuzicheza. KMRU amelichukua wazo hilo na kulifanya liume. Vipande ni virefu na vinajengeka mpaka vinakuwa vizito sana. Ukifika hapa, usianze kwa sauti kubwa.

4. Temporary Stored (2022)

Hii naiweka ya nne si kwa ugumu wa kuisikiliza. Naiweka hapa kwa sababu inahitaji uwe umeshamwamini. Ameitengeneza kutokana na rekodi zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, karibu na Brussels, jumba ambalo chanzo chake ni maonyesho ya Mfalme Leopold II ya mwaka 1897. Hizo ni sauti za Waafrika zilizonaswa na kupelekwa Ubelgiji, zikakaa rafuni miaka na miaka. Nitalirudia jambo hili chini kwa sababu linatuhusu.

5. Natur (2024)

Kipande kimoja, zaidi ya dakika 50, lebo ya Touch. Kimezaliwa kati ya Nairobi na Berlin. Ametumia maikrofoni za sumakuumeme, ambazo kimsingi ni koili ya waya: hazisikii hewa, zinasikia uga wa umeme unaozunguka nyaya, simu, transfoma na ruta. Kwa hiyo unasikia jiji lile ambalo masikio hayalifikii.

Kuna watu wanaosema Mkenya aanze na hii kwa kuwa inaihusu Nairobi. Nawaelewa, lakini nakataa. Dakika 50 za mvumo wa stima si njia ya kumkaribisha mgeni. Ni kama kumkaribisha mtu nyumbani kwa kumwonyesha mita na fyuzi. Lakini ukifika hapa baada ya nne za kwanza, naahidi itakuwa ndiyo unayoipenda kuliko zote. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Na hapa kuna jambo dogo la kiufundi linalonifurahisha: stima ya Kenya inabadilika mara 50 kwa sekunde, na ya Ujerumani vilevile. Lugha, baridi na nauli ni tofauti, ila nyaya za majiji hayo mawili zinavuma kwa masafa yaleyale.

Za kungoja: Limen (2022), aliyoitengeneza na Aho Ssan, ni nzito, isubiri. Disconnect (2024), aliyofanya na Kevin Richard Martin, ina sauti yake akizungumza. Jar (2020) ni nyepesi na tamu, iwe ya kupumzikia katikati ya orodha wakati wowote. Na ukishampenda, mtafute pia Nyokabi Kariũki, Mkenya mwingine anayefanya kazi jirani na hii. Anza na peace places: kenyan memories ya mwaka 2022.

Jinsi ya kusikiliza (kwa wale wanaopenda mipangilio)

Moja, zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Hili si la kujadiliwa.

Mbili, programu nyingi za muziki zina mpangilio wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Uzime. Msanii ameupanga ukimya wa katikati, acha ukae.

Tatu, spika ya simu haifai. Spika ndogo kiasi hicho haiwezi kusukuma sauti nzito. Nyingi zilizo chini ya Hz 200 hivi zinapotea kabisa, na kwa KMRU huko chini ndiko nyumba ilikojengwa. Utasikia paa tu. Hedifoni za kawaida za waya za kununua mjini zinatosha, usiuze ng'ombe.

Nne, ubora wa faili. Najua nikitaja MP3 kuna mtu ataruka. Tulia. MP3 ya kbps 320 inatosha, na ukinibishia, fanya jaribio bila kuangalia faili ni lipi, kisha tuongee. Ninachokuonya ni kbps 96 au 128 za kubana bando. MP3 hufanya kazi kwa kutupa kile inachokisia sikio halitakikosa, na muziki huu umejaa vile vitu vidogo ambavyo programu huvitupa kwanza: mchakacho, pumzi ya chumba, mvua ya mbali. Hesabu ya bando ni rahisi. Dakika 75 kwa kbps 320 ni sekunde 4,500 mara kilobaiti 40, yaani MB 180 hivi. Pakua mara moja kwenye Wi-Fi na usahau.

Sasa pesa

Hapa ndipo maoni yangu yanapokuwa makali kidogo.

Spotify, iliyoingia Kenya mwaka 2021, huhesabu kwamba wimbo umechezwa ukishafika sekunde 30. Baada ya hapo, wimbo uwe wa dakika mbili au wa dakika 20, hesabu ni moja. Fanya hesabu na mimi. Ukisikiliza nyimbo za dakika tatu kwa dakika 75, umezalisha hesabu 25. Ukiisikiliza Peel kwa muda huohuo, hesabu sita. Ukisikiliza Natur yote, zaidi ya dakika 50, hesabu moja. Moja! Na tangu mwaka 2024, wimbo ambao haujafikisha michezo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu kabisa.

Sidhani kuna mtu aliyekaa chini akasema tuwakomoe wanaotengeneza muziki wa polepole. Ni uamuzi wa muundo tu, kama ule wa kuweka safu moja kwenye jedwali na kusahau nyingine. Lakini muundo una matokeo. Mfumo unaohesabu michezo badala ya dakika unamwambia kila msanii: fupisha. Na mfumo unaokupendekezea wimbo unaofuata unajifunza kutokana na hizohizo hesabu.

Kwa hiyo: inunue. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, ukiongeza makato ya malipo, na kinachobaki kinaenda kwa msanii au lebo yake. Huna kadi ya benki? M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni tangu mwaka 2022. Albamu moja ni bei ya chakula cha mchana hapa mtaani, na si kile cha kibandani, nasema ukweli.

Na ukishanunua, pakua faili. Usiliache huko ukidhani litakungoja. Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, ikauzwa tena kwa Songtradr mwaka 2023, na mauzo hayo ya pili yaliwaacha karibu nusu ya wafanyakazi bila kazi. Leo iko salama. Kesho ni ya Mungu na wawekezaji. Faili lililo kwenye diski yako na nakala yake kwenye diski nyingine ni lako.

Nakala iko wapi?

Hilo linanirudisha Tervuren. Sisi tuna kanuni ya kazi: data isiyo na nakala ni data unayosubiri kuipoteza. Sasa angalia sauti za Afrika Mashariki na Kati za miaka hiyo ya zamani. Nakala ipo. Ila iko Ubelgiji, kwenye rafu ya mtu mwingine, na ukiitaka unaomba ruhusa. KMRU alifanya kitu ambacho msimamizi yeyote wa mifumo angekielewa: alizifikia, akazitumia, akazitoa hadharani kwa umbo jipya. Hata jina la albamu linasema zimehifadhiwa kwa muda tu.

Na hakuanzia Ubelgiji. Baada ya babu yake kufariki mwaka 2018, yeye ndiye amekuwa akizitoa upya nyimbo za mzee kwenye Bandcamp, moja baada ya nyingine, ili mtu wa Murang'a na mtu wa Tokyo wazipate kwa njia moja. Wengi wanaona mambo hayo mawili kama kazi mbili tofauti, mjukuu wa mashine na babu wa benga. Mimi naona ni kazi moja. Anayejua kusikiliza mvua kwa saa nzima ndiye pia anayejua kwamba kanda ya babu ikiendelea kukaa kwenye sanduku itaota ukungu.

Ndiyo maana nimeandika maneno mengi hivi juu ya muziki usio na maneno. Wengi wetu tuna kanda nyumbani. Mahubiri, harusi, sauti ya bibi akisimulia, redio iliyorekodiwa mwaka 1986 na mjomba asiyekuwa na kazi nyingine. Mashine ya kuzichezea bado inapatikana kwa mafundi wa mjini, waya wa kuunganisha na kompyuta ni bei ndogo, na Audacity ni ya bure. Hakuna jumba la makumbusho litakalokuja kukufanyia, na likija, litaondoka nazo.

Basi, kazi ya nyumbani ni hii. Leo usiku tafuta Logue, hedifoni masikioni, kitufe cha kuchanganya kimezimwa, ucheze Jinja Encounters. Ikikushinda, hakuna ubaya, utakuwa umepoteza dakika chache. Ikikushika, kesho cheza albamu nzima, na keshokutwa ndipo umtafute yule anayesema uanze na Peel, mbishane vizuri.

Mwenye mpangilio tofauti aulete na sababu zake. Mwenye kutaka kuniambia eti ni kelele ya friji, nimekwisha kumsikia.